Nati Hukazwa Gari Likiwa Chini



Nimetakiwa niseme juu ya elimu. Nitasema juu ya bushi.

Pikapu yangu kuukuu, yenye springi za bapa mbele, hupanda kila Jumamosi kutoka Moshi mjini hadi Kibosho, ikarudi na ndizi. Mawe ya njia ya kijijini yalikula mipira ya bushi. Gari likawa linagonga, usukani unavuta upande.

Nikajiambia, mimi mwenye shahada nitashindwaje? Nilitafuta mahali tambarare, jambo adimu kwetu mlimani, nikazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikainua chasisi na kuiweka juu ya stendi. Nikatoa mipira mibovu, nikasafisha matundu, nikaingiza mipya kwa maji ya sabuni, maana grisi ya kawaida huozesha mpira. Kisha nikakaza nati zote, magurudumu yakining'inia.

Baada ya miezi michache likagonga tena. Fundi wa kando ya barabara, aliyeishia darasa la saba, aliinama akatazama. "Mzee, ulikaza gari likiwa juu?"

Akanieleza: mpira uliokazwa hivyo hujipinda gari likishushwa, ukabaki umejipinda siku zote, hata ukapasuka mapema. Nati huachwa legevu, gari hushushwa, hutikiswa juu na chini, ndipo hukazwa.

Vijana, kutojua hakukuniaibisha. Kilichoniaibisha ni kutouliza, na fundi yule nilikuwa nikimpita kila Jumamosi.