Wazee Wetu na Sumu ya Pepopunda



Mzee akijikata kwa jembe, au akichomwa na mwiba pembezoni mwa msitu wa Ngezi, huosha jeraha akaendelea na kazi. Lakini tundu dogo lililozama ndani ndilo la kuogopwa zaidi. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na hustawi pasipo hewa. Kinachoua ni sumu yao, ambayo hushika mishipa ya fahamu na kukaza taya. Sumu hiyo ni kali mno, hata kiasi kinachotosha kuua hakitoshi kuufundisha mwili kujikinga; aliyepona aweza kuugua tena. Kinga huletwa na chanjo, nayo hufifia miaka ikipita. Tena mwili wa mzee huitikia chanjo polepole kuliko wa kijana, ingawa huitikia.

Mpango wa chanjo za watoto ulianza Tanzania mwaka 1975. Mama aliyezaliwa kabla ya hapo huenda alichomwa sindano alipokuwa mjamzito. Baba je? Yeye nani alimwita? Basi sheha na wajumbe wake wawaandikishe wazee, wanaume kwanza, wapate sindano zote za mfululizo kabla ya jeraha.