Msaada kwa Watoto Wetu Wanaofanya Utafiti
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama kwa niaba ya Halmashauri, katika Mkutano Mkuu wa mwaka, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi



Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, si kuongeza yake. Lakini safari hii Halmashauri imetuagiza tulete jambo moja ambalo limekaa katika majalada yetu muda mrefu bila kupata jibu la haki. Jambo lenyewe ni msaada kwa watoto wetu wanaofanya utafiti katika vyuo vikuu baada ya kupata shahada ya kwanza.

Katika mitaa yetu hii, tangu Ziwani na Starehe hadi Bahati, Jericho, Makadara na Mbotela, desturi yajulikana. Mtoto akiitwa chuo kikuu, kadi ya harambee hupita nyumba kwa nyumba, wala hapana anayeirudisha tupu. Akihitimu, mbuzi huchinjwa na nyimbo huimbwa. Hapo twaona safari imekwisha. Akirudi baadaye kutuambia kwamba ataka kuendelea hadi shahada ya pili au ya udaktari, twamwuliza, “Je, hukushiba kisomo? Tafuta kazi kwanza.” Hatusemi hivyo kwa ubaya. Wengi wetu ni watu wa mshahara mdogo, na nyuma ya huyo mmoja wako wadogo wake wanaongoja zamu. Hata hivyo yafaa tujue ni kitu gani tunachokikataa.

Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hujifunza mambo yaliyokwisha kugunduliwa na wengine. Katika utafiti huulizwa atafute jambo ambalo bado halijajulikana, alithibitishe, na kuliandika ili watu wote walisome. Kazi hiyo ina hatua zake. Kwanza huandika pendekezo na kulitetea mbele ya walimu wake. Kisha huomba kibali cha kamati ya maadili, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Ndipo huenda kukusanya habari na sampuli, huzipeleka maabara, huandika tasnifu, na mwisho husimama mbele ya watahini. Karo ya chuo ni sehemu tu ya gharama. Nauli, vipimo vya maabara, ujira wa wasaidizi na uchapaji havimo katika hesabu ambayo wazazi walipewa. Wengi huanguka hapo katikati, wakiwa wamekwisha kulipa karo na kufaulu mitihani ya darasani.

Huenda mtu akasema kwamba utafiti ni mambo ya watu wa mbali. Sivyo, ndugu zetu. Pengine hapana mahali katika nchi hii palipochunguzwa kama upande wetu wa mashariki ya Jiji. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamefuatana na akina mama wa Majengo, Pumwani. Waligundua kwamba wachache kati yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ijapokuwa walikutana navyo mara nyingi, na habari hiyo ikasomwa na waganga wa dunia nzima. Katika Viwandani na Korogocho, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, watu wa kituo cha APHRC wamepita mlango kwa mlango wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Tena mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa juu ya jaa la Dandora. Watoto 328 wanaoishi karibu na jaa walichunguzwa, na nusu ya waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi kufikia au kupita kiasi kilichokubaliwa wakati huo.

Twashukuru kwa kazi hizo zote. Lakini fikirini: damu iliyopimwa ni yetu, na milango iliyobishwa ni yetu. Je, aliyeshika kalamu ni wetu mara ngapi? Mtoto aliyekulia Dandora ajua ni saa ngapi moshi wa jaa huteremka nyumbani, na ni mama gani ataka kusemeshwa kwanza kabla ya kuulizwa swali. Maarifa hayo hayanunuliwi. Tukimwacha mtoto huyo nje ya utafiti kwa ukosefu wa nauli na ada ya maabara, tumeridhia kuulizwa maswali daima bila sisi kuuliza hata moja.

Sasa hatuna budi kusema jambo linalotuaibisha sisi wenyewe. Tumepata ruhusa ya mhusika na ya mama yake kulieleza, bila jina. Binti wa mwanachama wetu mmoja alikuwa akisomea shahada ya pili. Alitaka kujua kama mboga zinazonyweshewa maji ya Mto Nairobi, mchicha na sukuma wiki tunazonunua kila jioni, zimebeba madini yanayodhuru mwili. Walimu wake walilikubali pendekezo lake. Alikusanya mboga na maji wakati wa mvua, akakosa fedha za kulipia vipimo, naye akatuandikia barua nzuri sana akiomba msaada. Halmashauri ilimjibu kwa mistari mitatu kwamba Chama hakina fungu la jambo hilo. Mkono ulioiandika barua hiyo ndio huu ulioshika karatasi hii. Sampuli zake hazikupimwa kwa wakati, zikaharibika. Mvua nyingine ilipokuja, karo ya mwaka wa pili ilikuwa imekwisha kupandana na deni la kwanza. Leo anafundisha masomo ya jioni, na madaftari yake yamo katika boksi chini ya kitanda cha mama yake. Nasi twaendelea kununua mboga zile zile bila kujua zina nini.

Je, hapana misaada mingine? Ipo, na yafaa ijulikane. Bodi ya mikopo ya HELB, iliyoundwa mwaka 1995, husaidia zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza, lakini imepata kutoa mikopo na misaada michache kwa shahada za juu. Sheria ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na ikaagiza utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Fedha zilizotolewa zimekuwa chini sana ya kipimo hicho. Mpango wa misaada ya masomo wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa mwaka 1959. Wajerumani wana shirika lao la DAAD lenye ofisi hapa Nairobi. Kule Kasarani, kituo cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa uchunguzi wa wadudu, kimewalea vijana wengi wa Afrika hadi udaktari. Milango ipo, basi, lakini ni myembamba, na kila mmoja una siku yake ya kufungwa. Watoto wetu wengi husikia habari zake siku hiyo imekwisha kupita.

Wazee wachache waliopo wanakumbuka, na sisi tulio wadogo tumesimuliwa, habari za ndege ya mwaka 1959. Mwezi wa Septemba mwaka ule vijana 81 walisafiri kwenda Marekani kusoma. Safari hiyo ilipangwa na Tom Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji hili, pamoja na wenzake na marafiki wa Kimarekani. Marafiki hao walilipa ndege, na vyuo vilitoa nafasi. Lakini nauli za nyumbani, nguo na fedha za mkononi zilichangwa na wazazi na majirani, shilingi kwa shilingi. Katika mpango huo, mwaka 1960, alikwenda Wangari Maathai. Alipata shahada ya kwanza na ya pili huko Marekani. Lakini udaktari wake, wa kwanza kupatwa na mwanamke katika Afrika ya Mashariki na Kati, aliupata mwaka 1971 hapa hapa Nairobi, kwa kuchunguza jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyoanza kuumbika. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Twajifunza kwamba msaada mkubwa wa mgeni haukuondoa haja ya mchango mdogo wa mwenyeji, na kwamba safari haikwishi kwa shahada ya kwanza.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mkutano huu ukubali fungu jipya liitwalo Akiba ya Utafiti. Wanachama 100 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, kwa mwaka zitapatikana shilingi 60,000. Fedha hizo haziwezi kumsomesha mtu udaktari, wala hatukusudii hivyo. Zaweza kulipia vipimo, au nauli, au uchapaji wa tasnifu, yaani kumvusha mtu pale mahali pembamba ambapo wengi wameanguka. Haba na haba hujaza kibaba.

Masharti tunayoyaleta ni haya. Kwanza, mwombaji awe amekubaliwa na chuo, na awe na barua ya mwalimu anayemsimamia. Pili, fedha zilipwe chuoni au maabara, zisipitie mkononi mwa mtu yeyote, hata mkononi mwa karani. Tatu, maombi yasomwe na wazee watatu mliowachagua ninyi, pasiulizwe kabila wala dini, na binti apimwe kwa kipimo kile kile cha mvulana. Nne, karani abandike mlangoni mwa ukumbi huu kila mwezi siku za mwisho za kuomba misaada tuliyoitaja. Tano, atakayesaidiwa arudi hapa atueleze kwa Kiswahili aliyoyagundua, ili mama anayeuza mboga na mzee aliyestaafu reli wayaelewe sawasawa.

Tunajua wako watakaosema kwamba fungu la mazishi lina haja zaidi. Hatulipunguzi hata senti moja. Tunasema tu kwamba chama ambacho hukutana kwa wingi kuzika, chapaswa pia kuuliza ni nini kilichoua.

Mwisho, ombi letu la pekee. Ikiwa mkutano utakubali, jina la kwanza katika daftari la Akiba liwe la yule binti wa mboga. Tumemwuliza kama yu tayari kuanza tena, naye amejibu kwamba msimu wa mvua ukija yu tayari, chuo kikimpokea. Barua ile ya mistari mitatu tumeileta mezani kwa Mwenyekiti. Twaomba idhini yenu tuandike nyingine.