Betri Iliyokufa Inakwenda Wapi?

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kikao cha watumiaji bidhaa, wenye maduka na mafundi wa magari



Nimeombwa nizungumze juu ya taka hatari za viwandani na za biashara. Wengi wetu tusikiapo maneno hayo huwazia mapipa ya kemikali yaliyopangwa nyuma ya ukuta wa kiwanda, mbali na makao yetu. Leo nitazungumzia taka moja tu, nayo ni ile inayopita mikononi mwetu sote: betri ya gari, ya matatu, ya trekta, au ile inayohifadhi umeme wa jua nyumbani na dukani. Betri ya namna hiyo ikishakufa haitupwi jalalani, kwa kuwa ina bei. Anayepita na mkokoteni akinunua vyuma vikuukuu huitaka, na fundi wa gereji huitaka pia. Basi swali letu ni hili: ukishaiuza, inakwenda wapi, na ni nani anayelipa gharama ya safari yake?

Tuanze na kilichomo ndani. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya kawaida ya gari ni risasi, madini yale mazito na laini yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Kinachosalia ni tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji, pamoja na kasha la plastiki. Risasi ina sifa njema: yaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena na tena bila kupoteza ubora wake. Ndiyo sababu betri hizi ni miongoni mwa bidhaa zinazochakatwa upya kwa wingi zaidi duniani. Hata hivyo, wepesi huo una hatari yake. Risasi huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za Selsiasi, joto linaloweza kufikiwa na makaa yaliyopulizwa vizuri. Mtu mwenye shoka, sufuria na gunia la makaa anaweza kuivunja betri na kuyeyusha risasi yake uani. Tindikali huimwaga chini, na moshi huuachia upepo.

Moshi huo hautoweki. Vumbi la risasi hutua juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa, katika mchanga wanapochezea watoto. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, naye ndiye atambaaye chini na kutia vidole kinywani. Risasi hudhuru ubongo unaokua, figo na damu. Hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na mama mjamzito huweza kumpitishia mwanawe aliye tumboni. Zipo dawa za kuitoa mwilini kwa mgonjwa aliyezidiwa, lakini ubongo uliokwisha kudhurika haurudishwi na dawa.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi bega kwa bega na nyumba za watu tangu mwaka wa 2007 hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aliuguliwa na mwanawe mchanga, na vipimo vikaonyesha kuwa mtoto ana risasi mwilini. Akaungana na wakazi kudai haki, na mwaka wa 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kufikia siku hiyo, miaka kumi ilikuwa imepita tangu kiwanda kufungwa, na watoto waliokuwa wakinyonya wakati kinafungwa walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi.

Lawama ya kisheria haikuwaangukia wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali, ikiwemo ile inayosimamia mazingira, zilibebeshwa sehemu yake. Mtumishi wa umma asimamaye mbele yenu kuzungumzia betri hana budi kulitaja jambo hilo waziwazi. Leseni ambayo haifuatwi na ukaguzi ni karatasi tu, na jicho la raia ni sehemu ya ukaguzi huo.

Nchini Senegal msiba ulikuwa mzito zaidi. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, jijini Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo betri zilivunjwa ovyo na watu wakawa wanachekecha udongo ili kuokota mabaki ya risasi ya kuuza. Waliochekecha walikuwa watu wa kawaida waliotafuta riziki, na wengine waliubeba udongo huo hadi majumbani mwao.

Sasa turudi kwenye bei. Mchakataji anayefuata taratibu huipokea betri ikiwa nzima, na tindikali yake ikiwa ndani. Huivunja kwa mashine iliyofunikwa, akatenga plastiki, risasi na tindikali. Tindikali huitibu kwa chokaa au kwa magadi hadi ikapoteza ukali wake. Risasi huiyeyusha katika tanuri lenye vichujio vya kunasa vumbi na moshi. Mabaki ya tanuri, ambayo bado yana sumu, hupelekwa kwenye shimo maalumu lililozibwa lisivuje. Wafanyakazi wake huoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, na damu yao hupimwa mara kwa mara. Yote hayo ni gharama. Anayemwaga tindikali mtaroni na kuyeyusha risasi uani hana gharama hata moja kati ya hizo, kwa hiyo anaweza kukuongezea mia mbili au mia tatu juu ya bei ya mwenzake. Nyongeza hiyo haitoki mfukoni mwake. Inatoka katika damu ya watoto wa jirani yake. Wahenga walisema rahisi ghali. Na katika biashara hii, anayefurahia urahisi siye anayelipa ughali.

Kila betri inayofika katika tanuri la uani ilianzia katika gari, duka au paa la mtu. Hapo ndipo mtumiaji ana nguvu. Naomba mzingatie mambo haya sita.

Kwanza, usiifungue betri kuukuu wala kuimwaga tindikali yake, hata mnunuzi akikwambia kwamba huipima bila maji. Mnunuzi anayetaka betri iliyomwagwa tayari amekwisha kukujulisha namna anavyofanya kazi. Tindikali ile ina chembe za risasi. Ikimwagwa, hukaa katika udongo wako.

Pili, ihifadhi ikiwa imesimama wima, mahali pakavu penye hewa, mbali na moto, na mbali na watoto na vyakula. Ikiwa kasha limepasuka, iweke ndani ya beseni imara la plastiki. Tindikali ikikurukia ngozini au machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitalini.

Tatu, unaponunua betri mpya, muulize muuzaji kama huichukua ile ya zamani na kukupunguzia bei. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imewawekea wazalishaji na waingizaji wa bidhaa wajibu wa kuzishughulikia bidhaa zao hata zinapogeuka taka. Kwa hiyo, kumuuliza muuzaji swali hilo si kumwomba hisani.

Nne, ikiwa unaiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, muulize anaipeleka kwa nani. Kubeba taka hatari kunahitaji leseni, na shehena husafirishwa pamoja na hati ya kufuatilia taka. Wenye gereji na maduka ya umeme wa jua, ambao hukusanya betri nyingi, waombe kuiona leseni, waandike idadi ya betri walizotoa, na watunze stakabadhi. Siku ya ukaguzi, karatasi hiyo ndiyo itakayowatetea.

Tano, ukiona betri zikivunjwa au risasi ikiyeyushwa karibu na makazi, toa taarifa katika ofisi ya mazingira ya kaunti au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Andika mahali, tarehe na saa, na uombe nambari ya malalamiko yako. Usiende kuwakabili wahusika peke yako. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Huhitaji kwanza kuugua ndipo usikilizwe.

Sita, ikiwa unaishi karibu na mahali pa namna hiyo, au mtu wa nyumbani kwako anafanya kazi hiyo, mwombe daktari awapime watoto kiwango cha risasi katika damu. Usingoje dalili, kwani mara nyingi mtoto huonekana mzima huku madhara yakiendelea. Wakati huo, panguseni sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi kavu, waosheni watoto mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Nimalizie kwa ombi moja. Tuna mazoea ya kuuliza swali moja tu tunapouza kitu kikuukuu: "Unanipa ngapi?" Tuliongeze la pili: "Unaipeleka wapi?" Mnunuzi mwema atalijibu bila kusita. Asiyeweza kulijibu, mwache aende na mkokoteni wake mtupu, nawe uisubirishe betri yako siku mbili tatu hadi umpate anayeweza. Hasara utakayoipata ni shilingi mia chache. Wenzetu wa Owino Uhuru walingoja miaka mingi mahakamani ili kuthibitishiwa kuwa hasara yao ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Sasa nakaribisha maswali yenu.