KUDARIZI MFARISHI KWA KIASI



Mfarishi ni nguo ya kitandani yenye matabaka matatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, na chini bitana. Kuyashona pamoja matabaka hayo ndiko kudarizi. Swali liwasumbualo washonaji wengi ni hili: mishono ikizidi wapi, huwa imepita kiasi?

Kwanza ijulikane kazi ya uzi. Uzi huishika pamba isihame. Pamba isiyoshikwa, nguo ikisha kufuliwa mara chache, hufanya mabonge pembeni, na katikati hubaki vitambaa vitupu. Mtoto alalaye hapo hushikwa na baridi.

Lakini liko kosa la pili, nalo huwapata mafundi hodari zaidi. Joto la mfarishi halitoki katika uzi. Hutokana na hewa iliyotulia ndani ya pamba. Kila mshono huibana pamba na kuipunguza hewa hiyo. Mistari ikisongamana mno, nguo huwa ngumu kama mkeka, haimlalii mtu mwilini, na baridi hupenya kandokando. Mshonaji aliyetaabika miezi mingi huwa amepata pambo la ukutani.

Pamba ya zamani ilihitaji mistari ya karibu, kiasi cha inchi 2. Pamba ya viwandani ya siku hizi, aina nyingine, huvumilia nafasi ya inchi 8 hata 10. Basi yafaa kusoma maandishi ya kifurushi kabla ya kutunga uzi sindanoni.

Wanawake wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi ili familia zao zisipate baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York. Nguo zilizoshonwa kwa ajili ya kulaliwa hazikukosa uzuri.

Mwenye shaka na adarizi kipande kidogo kwanza, akifue, kisha akitundike mkononi. Kikilala kwa ulaini, kiasi kinafaa. Kikisimama wima, mistari ipunguzwe. Tena nafasi ziwe sawa kila mahali, nguo isije ikajikunyata upande mmoja.

Mtaka yote hukosa yote. Pamba ikisha kushikika, na nguo ingali laini, piga fundo ukate uzi.