MABAKA MEUPE SI UKOMA WALA SI LAANA

(Mawaidha kwa vijana wa Mumbuni, Machakos, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)



Himidi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu na dada zangu katika imani, Magharibi ikiingia tunaketi watano au sita kwenye sinia moja la futari. Akija kijana mwenye mabaka meupe mikononi, mmoja atajifanya ameshiba na mwingine atahamia sinia la pili. Hakuna aliyesema neno, lakini yule kijana ameelewa. Kesho atafuturu peke yake nyumbani. Basi leo tuzungumze juu ya mabaka haya.

Madaktari wanayaita vitiligo. Waswahili wanasema barasi au mbalanga. Ngozi yetu ina chembe zinazotengeneza rangi. Katika maradhi haya, askari wa mwili wanaotukinga na vijidudu hukosea adui, wakazishambulia chembe hizo. Pale zilipokufa, ngozi inabaki nyeupe kama maziwa. Mara nyingi huanzia vidoleni, mdomoni, machoni, kwenye viwiko na magoti, na pengine nywele za hapo nazo huwa nyeupe. Kwa kawaida hayaumi. Duniani, katika kila watu 100, yumo mmoja hivi, na wengi huanza wakiwa vijana.

Si kila baka ni vitiligo. Likiwa na magamba na rangi imefifia tu, huenda ni fangasi, na dawa yake ni rahisi. Likiwa limekufa ganzi, yaani ukiguswa huhisi, nenda hospitali haraka, hiyo huenda ikawa ukoma. Na hata ukoma siku hizi unapona kabisa kwa dawa, na mgonjwa akishaanza dawa hazuii mtu kukaa naye.

Vitiligo haiambukizi. Si kwa mkono, si kwa sahani, si kwa mswala. Haitokani na kula samaki na maziwa pamoja, wala si kurogwa.

Sasa wengine watasema, "Lakini Mtume ametuambia tumkimbie mwenye ukoma!" Ndugu yangu, hadithi ile inataja judhamu, ambao ndio ukoma. Barasi ni neno jingine na ni maradhi mengine. Baadhi ya tafsiri zetu za Kiswahili zinaandika "ukoma" kwa yote mawili, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Ukisoma habari za Nabii Isa (A.S.) katika Aal Imran aya ya 49, aliyeponywa kwa idhini ya Allah kwa Kiarabu ni "abras", mwenye barasi.

Tena kuna hadithi ya watu watatu wa Bani Israili, imo katika Bukhari na Muslim: mwenye barasi, mwenye upara na kipofu. Mwenye barasi alipoulizwa na malaika anataka nini, aliomba rangi nzuri na ngozi nzuri, kwa sababu watu walikuwa wanamwona kinyaa. Angalieni, kilichomuuma zaidi ni watu! Akapewa ngozi na ngamia. Baadaye malaika akamjia kwa sura ya maskini, naye akamfukuza. Ngozi ilipona, moyo haukupona.

Mwingine ni Uwais al-Qarni wa Yemen. Imo katika Sahih Muslim kwamba alikuwa na barasi, Allah akamponya isipokuwa mahali padogo kama dirhamu. Alikuwa akimtendea wema mama yake. Mtume (S.A.W.) alimwambia Sayyidna Umar kwamba akiweza, amwombe Uwais amtakie msamaha kwa Mola. Umar mwenyewe akawa anamtafuta! Sisi tunamkimbia mwenye baka, na Umar alikuwa anamtafuta mwenye baka.

Kwa wewe mwenye mabaka, haya yafuatayo:

Moja, anzia hospitali ya serikali, kama Machakos Level 5, uombe kuelekezwa kwa daktari wa ngozi. Kuna mafuta ya dawa na kuna tiba ya mwanga. Ukianza mapema rangi hurudi kwa wengi, hasa usoni, ingawa huchukua miezi na pengine isirudi yote. Mwulize pia kama upimwe tezi ya shingo, maana maradhi haya mawili huandamana.

Mbili, usinunue krimu za kichochoroni. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo, na nyingine zenyewe huleta mabaka.

Tatu, jikinge na jua la mchana. Sehemu nyeupe huungua upesi. Kofia, mikono mirefu na buibui ni dawa ya bure.

Nne, dawa ya kupaka haiharibu saumu. Vidonge zungumza na daktari uvinywe wakati wa daku na futari. Na kama unapaka rangi ya kuficha mabaka, iondoe kabla ya udhu ikiwa inazuia maji.

Tano, posa ikija, sema ukweli kabla ya nikaha. Katika madhehebu yetu ya Kishafi barasi imetajwa miongoni mwa mambo yasiyofichwa. Nanyi wazazi, msikatae kwa hofu ya wajukuu. Huwa inatokea katika familia, lakini watoto wengi wa wenye vitiligo hawaipati.

Na sisi wengine, kazi yetu ni moja: tusogee, tumpe nafasi, tule naye. Hakuna gharama hapo, na thawabu za kumfuturisha aliyefunga mnazijua.

Ya Allah, waponye wagonjwa wetu, na utuponye nyoyo zetu kabla ya ngozi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.