SAFARI YA MKUTANO WA NG'AMBO
Maneno waliyoambiwa watu wa Tarbaj



Siku hizi barua ya kumwita mtu mkutanoni ng'ambo huweza kufika hata Tarbaj. Muuguzi huitwa aeleze habari za chanjo, mfugaji habari za ukame, mwalimu habari za watoto wa wahamaji. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1962 wajumbe wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walihudhuria mkutano wa Lancaster House, London, wakanena wenyewe matakwa ya watu wao. Asiyefika mkutanoni husemewa na mwingine, na huyo msemaji huenda hajapata kunywa maji ya visima vyetu. Kwa sababu hiyo yafaa tujue namna ya kufika.

Jambo la kwanza ni kitambulisho. Wazee wanakumbuka mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipochunguzwa na kupewa kadi za rangi ya waridi. Hata baadaye, kwa miaka mingi, kijana wa mpakani aliyeomba kitambulisho alihojiwa kwanza na kamati. Mwezi wa Februari, mwaka 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa mahojiano hayo ya pekee. Basi asiye na kitambulisho asingoje mwaliko. Na aende sasa, akichukua hati yake ya kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wake. Mtu mzima asiye na kitambulisho hapati paspoti, na asiye na paspoti hapati viza. Paspoti huombwa kwa njia ya eCitizen, kisha mwombaji huenda mwenyewe ofisini, apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mwenye paspoti ya zamani aitazame: nchi nyingi hutaka iwe imebakiwa na miezi 6.

Jambo la pili ni majina. Sisi hutaja jina letu, la baba na la babu, nayo huandikwa kwa namna nyingi: huyu Hassan, yule Hasan, huyu Abdi, yule Cabdi. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa karani wa ubalozi ni watu wawili. Waandikie wenye mkutano majina yako kama yalivyo katika paspoti, herufi kwa herufi, ili mwaliko, viza na tikiti vipatane.

Jambo la tatu ni viza. Tuchukue mfano wa Geneva, katika nchi ya Uswisi, ambako Umoja wa Mataifa hufanya mikutano mingi. Uswisi ni mojawapo ya nchi za Ulaya zitumiazo viza moja iitwayo Schengen. Maombi hupokelewa tangu miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla yake. Asiwepo wa kungoja zile siku 15. Barua ya mwaliko ieleze wazi ni nani atakayelipa nauli, chumba na chakula. Tena hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000.

Jambo la nne ni sindano ya homa ya manjano. Nchi kama India na Afrika Kusini huitaka hati yake kwa mtu atokaye Kenya. Ichomwe siku 10 kabla ya kuwasili. Tangu mwaka 2016 hati hiyo yafaa kwa maisha yote. Basi itunzwe pamoja na paspoti.

Jambo la tano ni njia na saa. Kutoka Tarbaj hadi Nairobi, kwa kupitia Wajir na Garissa, ni mwendo mrefu, na mvua huweza kuukata. Mwezi wa Novemba, mwaka 2023, mafuriko yaliifunga barabara karibu na Garissa. Msafiri na afike Nairobi siku kadhaa kabla ya ndege. Tena asome tikiti kwa makini. Ndege ya saa 00.30 tarehe 12 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 12. Atakayekuja usiku unaofuata ataikuta imekwisha kwenda. Vivyo hivyo, mkutano wa saa 9.00 kwa hesabu ya Kizungu ni wa saa tatu ya asubuhi kwetu. Nayo saa ya Geneva iko nyuma ya yetu kwa saa 1 wakati wa joto na saa 2 wakati wa baridi.

Jambo la sita ni mizigo. Najua mama atataka kumfungia mwanawe nyirinyiri na maziwa ya ngamia. Asifanye hivyo, kwani nyama na maziwa kutoka kwetu hayaruhusiwi kuingizwa huko, nayo yatatupwa kiwanjani. Miraa ni hatari zaidi: nchi nyingi za Ulaya zimeikataza, na Uingereza iliikataza mwaka 2014, mtu huweza kushitakiwa. Achukue badala yake koti zito na viatu vya kufunika miguu. Fedha za Uswisi ni Faranga, wala si Euro. Mgeni alalaye hotelini Geneva hupewa kadi ya kupanda mabasi bure, aiulize. Msikiti upo mtaa wa Petit-Saconnex, nao ulifunguliwa mwaka 1978.

Mwisho, acheni nyumbani nakala ya paspoti, viza na tikiti kwa mtu mwaminifu, na nambari ya simu ya ubalozi wa Kenya. Naye akirudi, na aketi nasi atueleze aliyoyasema na aliyojibiwa, maana alikwenda kwa niaba yetu.

Safari njema, na Mungu awalinde.