Mtoto wa Pekee Asiwe Mtoto wa Upweke

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisii na Nyamira)

 

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kutualika. Mlituomba tuzungumze juu ya malezi. Tumechagua sehemu moja ambayo vikundi vyetu haviigusi sana, nayo ni maisha ya mtoto aliyezaliwa peke yake: faida zake, hasara zake, na kazi yetu sisi majirani.

Sababu yetu ni hii. Siku moja tulitembelea kikundi cha akina mama upande wa Nyamira, tukawa tunaandika idadi ya watoto katika kila boma. Huyu alisema saba, yule watano, mwingine wanne. Tulipomfikia mama mmoja, mjane, alisema kwa sauti ya chini, "Andika hakuna. Niko na huyu msichana tu." Na msichana mwenyewe alikuwa hapo hapo, anatugawia vikombe vya chai. Alisikia. Tuliandika moja, lakini neno lile "hakuna" tulirudi nalo nyumbani. Huyo mama tutamrudia baadaye.

ZAMANI NA SASA

Nyote mnajua kwamba katika nchi yetu ya Gusii boma lilisifiwa kwa wingi wa watoto. Haikuwa kwetu tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1977-78 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, wastani huo umeshuka hadi 3.4. Wengi wenu hapa mlizaliwa saba au tisa, na watoto wenu wanazaa wawili au watatu.

Sababu moja iko chini ya miguu yetu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Maana yake ni kwamba Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Babu alikuwa na shamba la kufuga na kulima wimbi. Mjukuu ana migomba kumi na mistari michache ya chai.

Lakini tusidhani kila mwenye mtoto mmoja alipanga iwe hivyo. Kuna mama aliyeugua baada ya uzazi wa kwanza na hakushika mimba tena. Kuna aliyefiwa na mume mapema. Kuna aliyezika watoto wengine akabaki na mmoja. Kuna aliyezaa kabla ya ndoa na ndoa haikuja. Na kuna waume na wake walioketi chini, wakafikiri mbele ya Mungu juu ya uwezo wao. Kwa hiyo lile swali tunalopenda kuuliza kisimani, "Huyu ataongezewa lini ndugu?", tuliache. Linachoma mahali ambapo hatuoni.

FAIDA

Tuanze na mazuri, kwa maana yapo.

Kwanza, karo. Mahali pengine pesa za majani ya chai hugawanywa kwa watoto sita, na mmoja hufukuzwa shule kila muhula. Mtoto wa pekee huwa na nafasi nzuri zaidi ya kumaliza masomo yake, na akiugua, pesa za dawa hazigombaniwi.

Pili, maongezi. Mtoto huyu huketi na wakubwa jikoni, husikia habari za shamba, za deni, za mkutano wa chifu. Mara nyingi hujua kuongea na watu wazima mapema, na humjua mzazi wake vizuri.

Tatu, hujifunza kazi zote. Msichana wa pekee hukama ng'ombe na kutengeneza ua, kazi ambazo kwingine wangeachiwa wavulana. Mvulana wa pekee husonga ugali na kufua nguo. Wazee, msicheke! Mke wake atatushukuru.

Nne, hana ndugu wa kugombana naye kwa mpaka. Sote tumehudhuria mazishi ambapo ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya robo eka.

HASARA

Sasa upande wa pili.

Kwanza, mzigo wa kazi. Maji, kuni, ng'ombe na jiko vyote vinamngoja mtu mmoja akitoka shule. Mnakumbuka omoreri, yule mtoto mkubwa kidogo aliyembeba mdogo wake mgongoni mama akiwa shambani. Mtoto wa pekee hakubebwa na dada yake, na yeye mwenyewe hakumbeba mtu. Kulea ni jambo la kujifunza. Asipojifunzia kwa ndugu, lazima tumtafutie mahali pengine pa kujifunzia.

Pili, kudekezwa. Kuna mzazi ambaye mtoto akivunja kikombe anasema kikombe kilikuwa pembeni. Mwalimu akimrudi, mzazi anafika shuleni kabla ya kengele. Samaki mkunje angali mbichi, na mmoja hukunjwa kama wengi.

Tatu, woga wa mzazi. Hili ni kubwa kuliko kudekeza. Mtoto asiende mtoni, asipande mti, asiende na wenzake safari ya shule, kwa maana "ni huyu tu". Tumeona kijana aliyetaka kuingia seminari akakatazwa kwa sababu nyumba itazimika. Tumeona mwingine akilazimishwa kuoa kabla ya kumaliza kusoma ili wajukuu wapatikane haraka. Mtoto anageuka kuwa akiba ya mzazi, na akiba haiulizwi inataka nini.

Nne, uzee wa wazazi. Mzazi akiugua, wa kumpeleka hospitali ni mmoja, wa kulipa ni mmoja, wa kulala naye usiku ni huyo huyo. Pesa za Inua Jamii ambazo Serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinasaidia aliyeandikishwa, lakini hazichoti maji. Na msiba ukija, mtoto wa pekee analia peke yake huku anaulizwa sufuria ziko wapi.

NI KWELI WANA TABIA MBAYA?

Wengi husema mtoto wa pekee lazima awe mchoyo na asiyejua kukaa na watu. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, Toni Falbo na Denise Polit, waliunganisha matokeo ya uchunguzi zaidi ya mia moja. Waliona kwamba kwa tabia na kwa kuishi na watu, watoto wa pekee hawakuwa na tofauti kubwa na wengine, na katika masomo walifanya vizuri kidogo kuwapita baadhi yao. Basi tabia hutoka kwenye malezi zaidi ya kutoka kwenye hesabu.

Mzigo wa uzee, huo ni wa kweli. Nchi ya China iliwawekea watu wake sheria ya mtoto mmoja kuanzia karibu mwaka 1980, ikairuhusu kila familia watoto wawili mwaka 2016. Leo kijana wa huko anaweza kuwa na wazazi wawili na babu na bibi wanne, wote wakimtazama yeye mmoja.

Sisi tuna kitu cha kutusaidia, tukikitumia. Katika Ekegusii mtoto wa ndugu ya baba haitwi jina la mbali. Ni mominto, ndugu wa kwetu. Kwa lugha yetu basi, mtoto asiye na ndugu kabisa ni vigumu kumpata. Shida ni kwamba siku hizi tunaita hivyo kwa mdomo, halafu linapofika jambo la shamba tunasahau.

SHAMBA LA MTOTO MMOJA

Hapa tumrudie mama yetu. Mwaka mmoja hivi baada ya siku ile ya vikombe, alikuja kutuona. Shemeji zake walikuwa wamemwambia, "Msichana ataolewa. Shamba la ndugu yetu haliwezi kwenda kwa wageni." Walikuwa wameanza kulima upande wa chini.

Lazima tukiri kosa letu. Tulimshauri arudi nyumbani, asikizane nao polepole mbele ya wazee wa ukoo, bila karatasi yoyote. Tulifikiri tunalinda amani. Msimu mmoja ukapita, miti ya mpaka ikang'olewa. Mama akatuambia, "Nyinyi mliniambia ningoje. Wao hawakungoja." Hatukuwa na jibu.

Ni kikundi chake kilichomwinua. Wenzake watatu walienda naye kwa chifu kupata barua inayotaja warithi wa marehemu, na jina la msichana likaandikwa. Walichanga nauli na gharama za cheti cha kifo na za kuangalia rekodi ya shamba katika ofisi ya ardhi. Kesi ya urithi ilichukua muda mrefu, na siku nyingine walirudi bila kusikizwa. Mwishowe sehemu ya marehemu ilibaki na mjane na binti yake. Shemeji mmoja mpaka leo hawasalimii. Mwingine alikuja na jembe kusaidia kupanda mpaka upya. Hatusemi kwamba mambo yote yalikwisha vizuri, lakini msichana ana mahali pa kurudi.

Basi vikundi vijue sheria inasema nini. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu mwaka 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, wala haimtoi binti aliyeolewa. Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, hata ule unaotokana na mila. Na mtu yeyote anayeingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini na mahakama anafanya kosa.

Wazee wangu, tusiseme sheria hii imekuja kuvunja mila. Zamani mama asiyekuwa na mwana aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke, ili enyomba yake isizimike na shamba lake lisichukuliwe. Hatusemi turudi huko. Tunasema wazee wetu hawakukubali nyumba ya mtu ifutwe kwa sababu tu hakujaliwa mwana.

VIKUNDI VIFANYE NINI?

1. Mtoto wa pekee apelekwe kwa wenzake. Likizo akae kwa shangazi au kwa mjomba, alale watatu kitanda kimoja, agawane mboga, abebe mtoto mchanga. Na wa kwao waje kwake.

2. Mzazi ampe kazi za kumtosha na ampe nafasi ya kucheza. Asimfanye mume, mke au benki ya nyumba.

3. Karatasi ziwe tayari mzazi akiwa hai: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, hati ya shamba. Mtoto ajue ziko wapi. Anayeweza kuandika wosia aandike mbele ya mashahidi wawili, nao wasiwe watu wanaorithi kitu ndani yake.

4. Turudishe egesangio. Kama zamani tulivyolimiana kwa zamu, kikundi kiwe na zamu kwa mzee ambaye mtoto wake mmoja yuko Nairobi au ameolewa mbali. Leo huyu achote maji, kesho yule apike uji. Mkono mmoja haulei mwana, na hauleei mzee pia.

5. Kwenye msiba, watu wawili wa kikundi wateuliwe kusimama na mtoto wa pekee tangu siku ya kwanza hadi wiki ya tatu, baada ya wageni kuondoka. Wiki ya tatu ndiyo ngumu.

KUMALIZIA

Ndugu wapendwa, tumtazame Bikira Maria chini ya msalaba. Imani yetu inatufundisha kwamba Yesu alikuwa mwanawe wa pekee. Injili ya Yohane, sura ya 19, inatueleza kwamba Yesu akiwa katika maumivu yale alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi kwa mama yake. Tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Hakumpa maneno ya faraja tu. Alimpa mahali pa kuishi na mtu wa kumtunza. Kazi hiyo sasa ni ya jumuiya zetu na vikundi vyetu.

Majuzi tulipita tena kwenye kikundi kile kuandika watoto. Mama yule hakungoja kuulizwa. Alisema, "Andika mmoja. Na uandike jina lake."

 

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu kuna boma ngapi zenye mtoto mmoja? Mara ya mwisho tuliwatembelea lini?

2. Binti wa pekee akifiwa na baba yake leo, nani kati yetu ataenda naye kwa chifu?

3. Ni maneno gani tunayowaambia wazazi wenye mtoto mmoja ambayo tungepaswa kuyaacha?